Mwalimu anataka maua yangu, lakini ana kijibwa anayetafuna kila kitu

Asalaam alaykum Somo,

Mimi ni msomaji wako kutoka Malindi, jina langu liwache tu, ukinijibu niite Mama Miche. Nina miaka thelathini na kitu, watoto wawili, na kazi yangu ni nasari. Tuko kando ya ile barabara ya kuelekea Sabaki, mimi na kaka yangu mkubwa, tunauza miche ya minazi na miembe na hata pilipili, lakini kusema kweli kinachotulisha ni maua.

Kaka ndiye fundi wa waridi la jangwani, ile adeniamu, nadhani umeiona, ule mti mfupi wenye shina limevimba chini kama kiazi na maua ya pinki yenye weupe katikati. Anaziotesha kwa mbegu, anangoja miaka mpaka shina linenepe, halafu anapandikiza vikonyo vya rangi tofauti, unakuta mti mmoja una maua mekundu na meupe na yale ya tabaka tabaka. Watu wa mahoteli na wenye nyumba za kukodisha wanazigombania manake jua haliziui, upepo wa chumvi hauziui, na maji ya Malindi unayajua mwenyewe, leo yapo kesho hayapo, na zenyewe zinavumilia.

Sasa stori yenyewe. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Taita lakini ameishi hapa tangu mimi sijazaliwa, alinifunza darasa la tatu na alikuwa rafiki wa marehemu mamangu. Mumewe alifariki, watoto wako mbali, anaishi peke yake nyumba ya karibu na bahari na mbwa wawili, mmoja mzee wa kulinda anayelala nje, na mwengine kijibwa mweupe wa manyoya ambaye mwanawe alimletea ili asikae na upweke. Huyo kijibwa analala ndani Somo, kwenye zulia la sebuleni, na Mwalimu anamsemesha siku nzima.

Mwezi uliopita Mwalimu akanipigia, akasema watoto wanakuja Desemba na anataka nyumba ipendeze, akaweka oda ya poti kumi na mbili za adeniamu, kumi za veranda na mbili zile kubwa kubwa za kuweka sebuleni. Hiyo ni oda ya shilingi 42,000, sisi oda kama hiyo hatuioni kila siku, na nusu akaituma hapo hapo kwa M-Pesa. Hiyo nusu haiko tena. Mimi nilikuwa na karo, kaka akanunua poti za udongo na mbolea ya oda hiyo hiyo.

Wiki iliyopita akaja na tuktuk kuchagua mashina mwenyewe na kijibwa akaja naye. Wao wakiwa wanazunguka, mimi nikamuona kijibwa amelala chini ya meza ya waya pale maua yanapoanguka, amelibana ua moja kwa miguu ya mbele analitafuna, si kulinusa, analitafuna kwa raha zake. Mimi nimekua naambiwa utomvu wa mti huu si wa kuchezea, bibi alikuwa akitukataza kujigusa macho tukishaukata, na babu alikuwa akisema wawindaji wa zamani wakiupaka kwenye mishale. Basi hata sikufikiria, nikatia kidole mdomoni mwa mbwa nikalitoa ua lote, limelowa mate. Mwalimu akacheka, akasema huyo hachagui, ameshamaliza ndara zangu zote. Kaka alikuwa anaona. Hakusema neno, akaendelea kuhesabu poti.

Mimi nikaenda bombani kuosha mkono mara saba, na moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuoni, udongo kwetu hauna shida, na kaka akanicheka eti bora ningeshughulika na kastama kuliko mbwa wake.

Usiku nikaingia kwenye simu. Nikachanganyikiwa zaidi. Kuna wanaosema mbwa wao ameishi na adeniamu miaka na hajawahi hata kuiangalia, kuna wanaosema jani moja linaua, na lile shirika la Marekani la kutetea wanyama, ASPCA, limeiandika kabisa kwenye orodha ya mimea yenye sumu kwa mbwa, paka na farasi. Nilipomuonyesha kaka akasema Malindi nzima imejaa huu mti, mahotelini na hata kwenye mizunguko ya barabara, mbwa wa mtaani wanalala chini yake, umesikia mbwa gani kafa? Akasema nikianza kutamka sumu mbele ya kastama kesho tutaambiwa wale wa pale barabarani wanauza sumu, na mji wetu unaujua, neno likishatoka halirudi. Halafu akaniambia kitu kilichoniuma, kwamba mimi nataka kumvunjia kazi yake kwa sababu sikuwahi kuwa na subira ya kuotesha hata mti mmoja.

Mzigo unatakiwa uende Jumamosi. Mwalimu akijua najua atakimbia, ataidai pesa yake na ni haki yake, na mimi sina. Nikinyamaza, kila nikipita karibu na nyumba yake nitakuwa nasikiliza kama yule kijibwa anabweka. Mbwa sijawahi kufuga, kwa dini yetu wala sina mazoea nao, sijui kama nakuza jambo. Lakini huyu ni mwalimu wangu. Nimwambie? Namwambiaje mtu mzima ambaye ameshalipa? Na nitaishi vipi na kaka baadaye?

Mama Miche, Malindi

*

Waalaykum salaam mwanangu Mama Miche,

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia, na kila mara nasimama pale kwenye kidole. Mtu asiyejua mbwa, tena mwenye kujua kwamba atakuja kuosha mara saba, anatia mkono kwenye meno ya mbwa wa watu bila kufikiria. Unaniuliza kama unakuza jambo, mimi naona mwili wako ulishaamua kabla hujashika simu kutafuta. Ila kuamua kwamba kuna hatari si sawa na kuamua la kufanya, na hapo ndipo uko, manake jambo lako limefungana, kuna kijibwa, kuna pesa iliyoshakwisha, na kuna kaka, ukivuta moja yanakuja yote.

Tuanze na mti, kwa sababu kaka anabishana nawe juu ya mti, na mengine yote mnayabishania humo humo bila kuyataja.

Kuhusu mti hukukosea. Adeniamu ni ndugu wa oleanda, ile ya maua ya pinki inayopandwa kwenye mabustani ya mahoteli, na ndugu wa karibu. Msomi wa Uswidi, Peter Forsskål, ndiye aliyeuandika kwa wasomi wa Ulaya baada ya kuukuta Arabuni, kitabu chake kilitoka 1775 yeye mwenyewe akiwa ameshafia Yemen, na humo aliuweka jina moja na oleanda. Baadaye waliwatenganisha lakini sumu ni ya namna moja, inakwenda kwenye moyo. Ni jamii ya dawa kama dijoksini wanayopewa wagonjwa wa moyo, na ukiwahi kuwa na mgonjwa anayeitumia utajua madaktari wanavyoipima kwa uangalifu, kidogo ni tiba, ikizidi kidogo ni balaa. Iko kwenye majani, shina, maua, mbegu na huo utomvu aliokukatazeni bibi. Na babu alisema kweli pia, sehemu nyingi za Afrika wawindaji wameutumia kwenye mishale, ingawa kwa huku kwetu Waata waliokuwa wakiwinda tembo kwa upinde sumu yao mashuhuri ilitoka kwenye mti mwengine, akokanthera, nao ni wa ukoo huo huo.

Lakini hapa naomba unisikilize, kwa sababu kwenye simu umesoma vitu viwili vinavyopingana ukaona mmoja lazima ni muongo. Si lazima. Mti ni mchungu, mbwa wengi wakubwa wakiuonja wanatema na hawarudi, kwa hivyo yule anayesema wake ameishi nao miaka hajadanganya. Na yule anayesema jani moja linaua amesema kitu ambacho hakuna anayeweza kukisema kwa kila mbwa, inategemea amekula nini, kiasi gani, na ana uzito gani. Sasa huyu wa Mwalimu ni mdogo wa kilo chache na anatafuna, huenda kwa sababu meno yanamuwasha. Watoto wa mbwa wana meno 28 ya utotoni, wanayabadilisha wakiwa na miezi mitatu minne hivi mpaka sita saba, wanaishia na 42, na katikati hapo hakuna ndara wala mguu wa kiti unaosalimika. Hukuniambia kijibwa ana miezi mingapi. Huenda wewe mwenyewe hujui, na ni swali ambalo unaweza kumuuliza Mwalimu bila kutaja sumu wala pesa.

Kaka naye ana hoja, tusimpuuze. Mbwa wa mtaani wanalala chini ya miti hii na hatujasikia vilio. Ila fikiria, mbwa wa mtaani akifa nani anauliza kafa kwa nini? Anaburutwa na kutupwa, tunasema gari au sumu ya panya. Halafu yule ana mtaa mzima wa kuzurura na majaa ya kuchagua, wa Mwalimu amefungiwa ndani na zulia na poti mbili, mchana kutwa.

Na hizo poti mbili za sebuleni ndizo zinazonishughulisha kuliko zile kumi. Wewe na kaka mnajua kuliko mimi kwamba adeniamu inataka jua kali. Ukiitia sebuleni itafanya nini? Itamwaga majani, itamwaga maua, na yote yataanguka pale pale kwenye zulia alipolala kijibwa. Kumbe hata kama Mwalimu hangekuwa na mbwa hata mmoja, bado fundi mwaminifu wa adeniamu angemwambia hizi za ndani hazitakufaa. Hilo neno kaka anaweza kulisema bila kujisikia amevunjiwa kazi, tena anaonekana bingwa. Lakini usijidanganye kwamba hilo peke yake limekutoa, kwa sababu Mwalimu akilisikia atasema basi zote kumi na mbili ziende veranda, na veranda ndipo anapokaa jioni na kijibwa chini ya kiti.

Umeandika, "akijua atakimbia". Umejuaje? Huyu mama amekujua tangu darasa la tatu, ameishi na mumewe akamzika, ana mbwa na nyumbani kwake kuna dawa ya panya na sabuni ya choo kama nyumba zote, watu wanaishi na vitu vya hatari kila siku wakishajua viwekwe wapi. Inawezekana akaghairi, ndiyo. Inawezekana pia akasema leteni kumi niziinue juu ya ukuta wa veranda, na zile mbili nibadilishieni. Au akacheka tu akasema kijibwa nitamfundisha, na hapo utakuwa na kazi nyengine ya kuamua kama kicheko hicho kimekutosha. Naona umeshamuandikia Mwalimu majibu yake kabla hujamuuliza swali.

Kuhusu kuinua juu, njia hiyo watu wanaipenda nami nisingeikataa, lakini ina tobo. Poti zilizojaa udongo na yale mashina ni nzito, ukutani zinataka kufungwa zisije zikamuangukia mtu, na maua yanaanguka chini vile vile. Itabidi mtu afagie kila asubuhi. Mwalimu ana mtu wa kufagia? Na kusubiri mpaka meno ya kijibwa yatulie, yaani kupeleka mzigo baada ya miezi kadhaa, kungepunguza hatari lakini watoto wanakuja Desemba, na wakija huenda wakaja na wajukuu wa kutambaa, na mjukuu naye hutia mdomoni chochote. Sumu hii haibagui mtu na mbwa.

Njia ya kubadilisha miti ndiyo inayonivutia zaidi, nakiri, lakini nayo ina gharama zake. Asumini yetu ya vikuba haina neno na mbwa, na jioni veranda nzima inanukia. Boganvilia haina sumu ya kuogopesha, shida yake ni miiba, na jua la Malindi inalipenda. Okidi zile za kushikilia kwenye mbao, falenopsisi, ni salama, na hoya pia, ule mmea wa kutambaa wenye maua kama ya nta. Na kwa sababu Mwalimu ni mtu wa Taita kuna kitu kinaweza kumgusa, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo dunia nzima wanaliweka dirishani, saintpolia. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, Usambara na milima ya pwani, na moja wapo inaota mlima Mbololo, Taita kwao, na mbwa wala paka haliwadhuru. Joto la Malindi litaipa taabu, itataka kivuli na mkono wa mtu mwenye subira, lakini mstaafu anayekaa nyumbani na kusemesha mbwa siku nzima huenda ndiye hasa wa kuitunza. Tatizo la hizi zote ni kwamba bei yake si ya adeniamu ya kaka, na nyingi zinataka maji ya kila mara, na maji ndiyo hayo uliyoyataja mwenyewe. Kwa hivyo 42,000 itashuka. Itashuka mpaka wapi mnajua nyinyi, lakini kushuka si sawa na kurudisha 21,000 zote Jumamosi.

Kidogo nitoke nje ya oda. Hebu zunguka nasari yako ukiwa na macho haya mapya. Mna saikasi? Ile inayofanana na mnazi mfupi mgumu. Mbegu zake ni mbaya kwa mbwa kuliko watu wanavyodhani, zinaharibu ini, tena mbwa wanazifuata wenyewe. Mna brunfelsia, kile kichaka ambacho ua linachanua zambarau, siku ya pili limefifia, mwisho jeupe? Beri na mbegu zake zimewatia mbwa degedege. Na zile punje za kuua konokono mnazomwaga chini ya meza za waya, kama mnazimwaga, zile ni hatari ya haraka kwa kijibwa kama huyu, na alikuwa amelala hapo hapo chini. Sisemi haya kukutisha, nasema kwa sababu wewe na kaka mnagombania mti mmoja kana kwamba huo ukitoka nasari imekuwa salama na ukibaki imekuwa duka la sumu, na mambo hayako hivyo. Kila mwenye nasari anauza sumu kidogo. Kuna wenzenu wanaobandika kibao kidogo kwenye poti, kinasema hii iwekwe mbali na watoto na wanyama, oshea mikono. Hapo Mwalimu hajatengwa, ni kastama kama wengine, na kaka hawezi kusema umemharibia jina kwa mtu mmoja. Ingawa woga wake wa maneno ya mji siwezi kuubeza, nimeishi miji hii midogo, naujua ulimi wake. Ninachojiuliza ni maneno gani yanatembea haraka zaidi, "wale walinionya" au "wale walijua wasiniambie". Na kumbuka Mwalimu aliona ukitoa ua mdomoni. Leo amecheka. Kijibwa akiugua, kicheko hicho atakikumbuka kwa namna nyengine.

Hiyo ndiyo hatari ya kunyamaza kama ninavyoiona, na sidhani iko kwa kijibwa peke yake. Huenda asiguse kabisa, huenda mkapita salama. Ila umesema utakuwa unasikiliza kila ukipita, na mtu anaweza kusikiliza hivyo kwa miaka.

Sasa kaka. Umeyachukua maneno yake kama ya mtu anayetaka pesa, nami pesa siikatai iwe sababu, lakini soma tena aliyokuambia, kwamba huna subira ya kuotesha. Huyo ni mtu aliyengoja mashina yanenepe miaka, siku imefika ya mtu kununua kumi na mbili kwa mpigo, na dadake anakuja na simu usiku kumuonyesha kwamba alichokiotesha kinaua. Ingekuwa mimi ningekasirika pia kabla ya kufikiri. Je, mliwahi kuzungumza juu ya hili mchana, mkiwa mmekaa, bila simu, ukaanza na kazi yake badala ya kijibwa? Unaweza kumuuliza yeye, fundi, angemshauri nini mtu mwenye mbwa mdogo. Huenda akakujibu vizuri kuliko ulivyotegemea, huenda akakukatalia tena. Akikukatalia, itabidi ujue kama neno la Mwalimu ni lako mwenyewe kulisema au linahitaji ruhusa yake, na hapo siwezi kukuamulia, wewe ndiye utakayerudi naye nasari Jumapili asubuhi.

Ukiamua kumwambia, umeniuliza vipi. Kwa mtu mzima, tena aliyekufunza, sioni haja ya kumpelekea habari kwa simu wala ujumbe. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, umuamkie, ukae, na uanze na alichokiona kwa macho yake, "Mwalimu, lile ua nililomtoa kijibwa siku ile nimelifikiria." Ukianza na pesa atasikia pesa. Pesa itakuja tu, na itakapokuja unaweza kumwambia ukweli kwamba imeshaingia kwenye kazi ila unaweza kumlipa kwa miti mengine au kidogo kidogo. Walimu wamezoea watoto kuja na habari nusu nusu wakitetemeka, atakusaidia kumalizia.

Na lolote utakaloamua, haya uyajue, na ikiwezekana Mwalimu ayajue. Mbwa aliyekula adeniamu kwanza anachuruza mate, anatapika, anahara, anakataa chakula, analegea, na moyo unaweza kwenda ovyo, haraka au polepole kupita kawaida. Kusubiri mpaka kesho ni kosa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo na kipande cha mti au picha yake, maana mapema daktari anaweza kumtapisha na kumpa mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni, na kuufuatilia moyo. Asipewe maji ya chumvi ili atapike, watu wanafanya hivyo sana na chumvi nayo inaua. Maziwa na mayai mabichi hayafuti sumu hii. Namba ya daktari wa mifugo Mwalimu awe nayo kwenye simu, sio siku ya tukio ndiyo aanze kuulizia sokoni. Na wewe mwenyewe na kaka, mkikata vikonyo vaeni glavu, bibi yenu hakuwa anatania.

Ukiniandikia tena niambie vitu viwili ambavyo barua yako imeviruka, umri wa kijibwa, na zile poti mbili za sebuleni lilikuwa wazo la nani. Kama Mwalimu ndiye aliyezitaka ni mazungumzo ya namna moja. Kama ni kaka aliyempendekezea, naona utaanzia kwa kaka kwanza.

Somo